Kufuli la Burito

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Burito, mwenzangu wa kompyuta, kafiwa. Baba yake mzazi, huko kwao Butiama. Binamu yake kafika getini asubuhi na baiskeli imejaa vumbi, akamwita pembeni. Burito alirudi ofisini kuchukua koti tu. Hata chai hakumaliza, imebaki mezani nzi wanaigombania. Maskini! Mzee alikuwa anaumwa tangu Pasaka, lakini hakuna mtu huwaga yuko tayari.

Mchana Jeska naye kaja kutoka Bunda, diski zake kwenye mfuko wa rambo. Yeye ndiye anatunza programu za kituo chetu cha kupokelea samaki kule. Kila akibadilisha kitu lazima aje mpaka hapa kiwandani Musoma akiingize kwenye mashine kubwa. Kakaa, kaandika, mashine ikamkatalia. Faili limefungwa na Burito. Tena faili lenyewe la kengele ya gesi! Alilichukua kabla ya msiba, hajalirudisha.

Jeska akaja juu. Kwamba amekalia gunia la mhogo njia nzima, halafu aambiwe asubiri matanga ya watu? Nikamwambia awe na adabu, mtu kafiwa. Akasema yeye na marehemu hawana ugomvi, ugomvi wake ni na kufuli. Nilicheka. Halafu nikaona aibu.

Jumanne, 3 Septemba

Bwana Clementi kaniita. Meneja wetu huyu akitaka kitu huwaga anaanza kwa kusifia kitambaa chako cha kichwa. Leo kakisifia sana, nikajua kuna jambo.

Akasema, mama, nieleze hilo suala la kufuli kama mtu asiyejua kitu. Nikasema moyoni, "kama" ya nini tena? Nikamweleza. Programu zetu tunazitunza na RCS. Ni kama kabati. Ukitaka kubadilisha faili unalichukua, linafungwa kwa jina lako, unalifanyia kazi kwenye folda yako. Wengine wanaweza kulisoma tu. Ukimaliza unalirudisha, kabati linatunza la jana na la leo. Hii mpya wanayotaka makao makuu Mwanza, CVS, haina kufuli. Kila mtu anachukua nakala yake, mnaandika wote kwa mpigo, mkirudisha mashine yenyewe inaunganisha.

Akapiga meza. Sasa tunangoja nini? Siku hizi kila kitu soko huria, hata programu ziwe huria! Akajichekea mwenyewe.

Nikamwambia, bwana meneja, hii siyo programu ya kuandikia barua. Hii inanusa amonia, ile gesi ya mitambo ya kugandishia samaki, kwenye chumba cha kompresa. Gesi ikizidi, inapiga kengele kiwanda kizima na kuwasha feni za kutoa hewa. Feni zenyewe hazina swichi nyingine, walifunga hivyo hivyo wale mafundi wa mwanzo. Tangu iwekwe haijatuangusha. Ya nini kuigusa?

Kumbe Mwanza wameshasema. Wanunuzi wa minofu kutoka Ulaya wanakuja tarehe 18, wanataka kuona viwanda vyote vinatumia mfumo mmoja. Akasema, lakini wewe ndiye mtaalamu wetu, mama, uamuzi ni wako. Wangu! Maana yake lawama ndiyo yangu.

Alhamisi, 5 Septemba

Sijalala vizuri. Nimeijaribu CVS kwenye ile kompyuta ndogo. Ni nzuri. Inaniudhi kuona ni nzuri.

Hamduni kanikuta nimeinama mezani na chakula cha mwanetu Twalib kinaungua. Kanitania: mke wangu una mume mwingine anaitwa kompyuta? Nikamwambia tatizo langu. Kasikiliza vizuri tu, mdomo umejaa ugali na sato. Yeye ndiye anakaa na zile kompresa. Baada ya redandansi, walipopunguza watu kazini, alikaa nyumbani muda mrefu, anashona mikeka ya watu, hasemi na mtu. Hiki kiwanda ndicho kilimrudishia sauti.

Akasema, mimi sijui RCS wala nani mwenzake. Mimi kengele yako ikilia natoka. Isipolia nakaa. Hayo mengine mtajuana na Jeska wako.

Kasema kama utani vile.

Jumamosi, 7 Septemba

Butiama. Tumeenda na pikapu ya kiwanda, mimi na akina mama wa kukata minofu, na kreti za soda na rambirambi tuliyochangishana. Vumbi mpaka kwenye meno.

Watu wengi. Mzee alipendwa. Tumekaa kwenye mikeka na akina mama, tumelia kidogo, tumemenya ndizi. Burito kanyolewa kichwa, amekonda kwa siku hizo chache tu. Aliponiona akanyanyuka kwa wazee akaja mpaka karibu na masufuria. Kanishika mikono miwili. Akasema, Mama Twalib, umefanya vizuri kuja. Sikia, lile faili langu—

Nikamkata palepale. "Kaka Burito! Hayo yaache kabisa. Kazi ipo na sisi tupo. Wewe mlilie baba yako."

Shangazi yake Wankyo akadakia kwa sauti: kweli kabisa, hapa tumekuja kuzika mtu, hatukuja kuzika kompyuta! Akina mama wakacheka chinichini. Burito kaniachia mikono. Akarudi kukaa na wazee.

Nilijisikia vizuri kwa kweli. Wapo watu wanamfuata mfiwa na mambo ya ofisi hata udongo haujakauka. Mimi sikulelewa hivyo. Atabaki huko mpaka kikao cha ukoo kiishe, na kikao chenyewe hakijapangiwa siku.

Jumatatu, 9 Septemba

Jeska tena. Safari hii kapiga simu, analia kabisa. Mizani ya Bunda inasoma vibaya, wavuvi wa Rukuba na Mugango wanamtukana, na dawa ya mizani anayo kwenye diski ila haiingii, maana imeungana na lile faili lililofungwa. Akasema, dada, wewe ndiye mkuu wa mashine. Una neno la siri la kufungua za wote. Ingia kwenye folda ya Burito, angalia alikuwa anafanya nini, maliza!

Nikamwambia sifanyi. Tulikubaliana sisi watatu siku alipoajiriwa yeye: hakuna kuvunja kufuli la mwenzio, hakuna kupekua folda ya mwenzio. Na sasa hivi mwenyewe yuko msibani! Ni kama kuingia chumbani kwa mtu huku yeye yuko makaburini.

Jeska akasema: basi hamia CVS. Huko hakuna kufuli, kwa hiyo hutavunja la mtu.

Kweli. Hii njia haimvunjii heshima mtu yeyote. CVS itabeba kila kitu kilichomo kabatini, historia yote, tangu mwanzo. Folda ya Burito itabaki vilevile, haiguswi, ataikuta.

Nimeamua. Tunahama.

Kilichomo kwenye folda yake hakitahama, hilo nalijua. Lakini kama angekuwa amebadilisha jambo kubwa angeniambia. Lini, sijui. Lakini angeniambia.

Jumatano, 11 Septemba

Tumehama!!

Kutwa nzima nilikuwa nimebana pumzi. Kabati lote limeingia CVS bila kupoteza hata herufi. Bwana Clementi kataka uthibitisho, kwa hiyo nimeijenga programu upya kutoka humo, yaani mashine imeyageuza mafaili ya kabatini kuwa programu nzima, nikazima ile iliyokuwa inafanya kazi, nikawasha mpya. Nikapiga kengele kwa mkono kuijaribu. Ikalia vizuri. Wafanyakazi wote wakatoka nje na maaproni yao, wamenuna. Nikawaambia majaribio tu jamani! Wakarudi wananisonya.

Halafu tamu yenyewe: mimi na Jeska tumebadilisha faili moja leo hii, yeye mwanzo na mimi mwisho, na mashine imeunganisha bila kelele. Jeska karuka, kanikumbatia, karudi Bunda anaimba. Wavuvi wake watapumua.

Bwana Clementi kakisifia kitambaa changu tena. Safari hii hakuwa anataka kitu.

Ijumaa, 13 Septemba

Kimya. Kengele haijalia hata mara moja. Ile ya zamani ililiaga hata mtu akimwaga dawa ya sakafu karibu na kipimo. Sasa skrini ni kijani, namba ya gesi ni mbili, siku nzima mbili. Wiki jana ilikuwaga saba, nane hivi.

Bwana Clementi anawaambia watu kwamba mfumo mpya umesafisha hewa. Nikamwambia mfumo hausafishi hewa, bwana meneja, unapima tu. Akasema, vyovyote, mama, matokeo ndiyo hayo.

Mbili. Sijui kwa nini namba nzuri inanikosesha raha. Labda nimezoea shida.

Jumapili, 15 Septemba

Nimefua ovaroli la Hamduni. Nilipoliloweka macho yakawaka, machozi yakatiririka. Si sabuni, sabuni ni ileile. Nikalinusa. Harufu ikanipanda mpaka kichwani.

Nikamwuliza. Akasema siku hizi kule kunawasha kidogo, ameshazoea, hasikii tena harufu. Anakohoa. Anasema vumbi. Vumbi gani ndani ya kile chumba kinachopigwa maji kila asubuhi?

Halafu akasema kitu kwa kucheka tu, kwamba paka wamemkimbia. Wale paka walikuwaga wanalala nyuma ya ukuta wa kompresa kwa ajili ya joto, wamehamia wote getini kwa mlinzi. Nikaacha kufua.

"Baba Twalib, usikae humo ndani muda mrefu."

"Namba yako inasemaje?"

"Mbili. Jana ilifika tatu."

"Na kengele inalia ikifika ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Basi. Suuza hilo ovaroli, kesho nalitaka."

Mume wangu anaiamini skrini yangu kuliko pua yake. Nilipaswa kufurahi. Nimekaa na beseni mpaka maji yamepoa.

Jumanne, 17 Septemba

Umeme umekatika jana yote, umerudi usiku. Asubuhi kompresa moja inagonga. Namba iko tano. Ilikuwa mbili! Kijani bado, lakini inapanda, na mimi naiona inapanda.

Nimemfuata bwana Clementi. Nikamwambia nadhani kipimo cha amonia kimekufa, tulete fundi. Akashangaa. Kufa? Kipimo hicho ni kipya mama! Kilifungwa ile Ijumaa uliyokuwa Bunda kwa Jeska. Burito ndiye alisimamia, wewe hukuambiwa?

Sikuambiwa. Nilirudi Jumatatu nikakuta msiba.

Kipimo kipya. Ijumaa. Na faili la kengele limefungwa na Burito Ijumaa hiyohiyo. "Sikia, lile faili langu" — na mimi na adabu zangu nikamziba mdomo mbele ya watu!

Nikampigia Jeska Bunda. Kasema, dada, fungua folda sasa hivi, unangoja nini? Nikaweka vidole kwenye kibodi, nikaandika nusu ya neno la siri. Nikafuta. Nimempa ujumbe dereva wa pikapu anayepeleka mchele Butiama, amwulize Burito mwenyewe na amwombe ruhusa. Kesho asubuhi dereva atakuwa amerudi. Jeska kanikatia simu. Kesho anakuja, lakini hajasema kama anakuja kwa ajili yangu au ya wageni.

Bwana Clementi kasema mpaka wageni waondoke hakuna kugusa chochote, hakuna kuzima chochote.

Jioni nimemwambia Hamduni aseme anaumwa kesho. Akakataa. Wageni wote hao, halafu nani akae na kompresa inayogonga? Nikamwambia ninahisi vibaya. Akaniuliza, namba ngapi? Nikasema sita. Akaniangalia kama ninavyomwangalia Twalib akisema kuna zimwi uvunguni. Nimegombana naye bure. Nimemwita mkaidi, mpumbavu. Kalala kanigeuzia mgongo, anakohoa.

Jumatano, 18 Septemba

Dereva hajarudi. Wanasema pikapu imelala njiani.

Tisa. Hamduni kaingia shifti, hakuniaga kwa sababu ya jana.

Wageni wamefika. Makoti meupe, kofia za plastiki. Bwana Clementi anawazungusha, anaonyesha skrini yangu kupitia kioo. Kijani. Wanaitikia kwa vichwa, wameridhika.

Kumi na moja.

Nimefungua. Mungu anisamehe, na Burito anisamehe. Nimeingia kwenye folda yake. Kaongeza mstari mmoja tu. Kipimo kipya kinatoa robo ya namba, kwa hiyo zidisha kwa nne. Basi! Mstari mmoja. Programu iliyokuwa inafanya kazi siku zile ilikuwa na huo mstari, aliijenga kutoka kwenye folda yake, alikuwa hajaurudisha kabatini. Na mimi nikaizima kwa mkono wangu nikaweka ya zamani.

Kumi na moja mara nne!! Arobaini na nne. Na jana sita. Na zile siku zote za ovaroli.

Nimepiga simu chumba cha kompresa. Inaita. Inaita tu. Jeska alikuwa amekaa hapa anakula karanga, nikamwambia neno moja — Hamduni — katoka mbio, viatu vyake viko hapa chini ya kiti.

Nimepiga kengele kwa mkono. Lakini feni haziwaki kwa mkono! Feni zinaisikiliza programu peke yake. Nimeweka mstari wa Burito, mashine inajenga. Kimashine hiki kizee kinajenga polepole, faili moja moja, na hapa siwezi kuondoka. Likitokea kosa moja na mimi sipo, hakuna feni. Ninaandika kwa sababu nikikaa bure nitapiga kelele.

Bwana Clementi kaingia amekunja uso. Mama, umewashtua wageni, zima hiyo kelele! Nikamwambia toka mbele ya skrini yangu. Sijawahi kumwambia mtu mzima hivyo. Katoka.

Wafanyakazi wanatoka nje, nawaona dirishani. Wanatembea taratibu, wanasukumana, wengine na visu mkononi. Wanadhani ni majaribio tena. Mmoja ananionyesha ngumi kwa utani. Wanacheka.

Bado inajenga. Hamduni simwoni. Naitafuta kofia yake ya bluu, siioni.

Imekwisha. Nimewasha. Skrini nyekundu yote, namba imeruka, hata sitaki kuisoma. Feni — zimewaka, nazisikia, zinanguruma. Alhamdulillah.

Jeska katokea mlango wa kompresa, khanga puani, pekupeku. Kainama anatapika. Sasa kasimama, anaita. Anawaonyesha vidole viwili, wanaume wawili waje, wawe wawili, waingie naye, kuna mtu wa kubeba.

Wameacha kucheka.